Video Yangu Nimeifuta: Kupiga Makasia na Homa Si Ushujaa

Wasee, leo sianzi na salamu. Naanza na samahani.

Mwaka jana niliposti video nikipiga makasia pale Tudor, saa kumi na moja na nusu asubuhi, macho mekundu, homa imenishika. Juu yake niliandika: "Mgonjwa ni yule amelala." Mliipenda. Hakuna video yangu imewahi kutazamwa kama ile. Kuna jamaa hata aliandika ati ameacha uvivu kwa sababu yangu.

Wiki iliyopita dada mmoja wa mbogi yetu, miaka 19, alikuja mazoezini akitetemeka. Nikamwambia arudi nyumbani. Akanijibu, "Kwani si wewe ulisema mgonjwa ni yule amelala?"

Nilikosa jibu. Usiku huo nikaifuta. Lakini kufuta peke yake haitoshi, manake sehemu yenye maana hamkuiona. Siku nne baada ya hiyo video nilikuwa wodini na dripu mkononi.

Wacha niwaeleze wiki yangu. Mimi si mwanamichezo wa kulipwa. Hakuna anayenipa hata nauli. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola, kwa hivyo Jumatatu napanda basi kwenda Garsen ama Hola, narudi Jumatano usiku nimejaa vumbi. Alhamisi nampeleka mamangu kliniki, ana sukari. Ijumaa naandika ripoti. Wikendi ndiyo ya mashua, na hata saa za mashua sichagui mimi. Maji yakipwa unabaki unaangalia tope na mikoko. Yakijaa alfajiri, utaamka alfajiri, upende usipende.

Wiki hiyo nilirudi safari na homa. Kichwa kinauma nyuma ya macho, viungo kama nimechapwa rungu. Nikajiambia ni kamalaria tu. Nikanunua ibuprofen, nikameza, nikaingia majini, nikajirekodi. Mashindano ya mita 2000 yalikuwa yamebaki wiki mbili, na kwa grupu yetu ya WhatsApp sheria ilikuwa moja: hakuna visingizio.

Haikuwa malaria. Ilikuwa dengue. Hii ni homa ambayo sisi wa Mombasa hatufai kuichezea, manake mbu wake anauma mchana na anapenda kuzaa kwa maji masafi tunayoweka kwa madebe na mapipa mfereji ukikauka. Siku ya nne homa ilishuka. Nikaona nimepona, nikapanda mashine ya mazoezi nikajitesa tena. Kumbe dengue ikitaka kukuangusha, mara nyingi inangoja hapo hapo homa inaposhuka. Tumbo linauma vibaya, unatapika, fizi zinatoa damu. Mimi niliiona damu kwa mswaki.

Na zile tembe zangu? Ibuprofen na aspirini zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Ukishuku dengue unatuliza homa na paracetamol, unakunywa maji mengi, unapumzika, na unaenda kupimwa. Dawa ya kumaliza kirusi chenyewe haipo. Kwa hivyo kile kitu nilichokidharau mbele ya watu wote ndicho nilichohitaji.

Lakini hiyo bado si sehemu inayoniuma. Mamangu alikuwa anakuja wodini mara mbili kwa siku na tuktuk. Anajidunga insulini, sasa kwa ile mbio na wasiwasi akasahau kula. Sukari ikamshuka, akaishiwa na nguvu pale pale kwa korido ya wodi. Nesi akakimbia na soda. Mimi mnaniita shujaa, mamangu ndiye anaanguka. Siku zile zote sikulipwa, kwa sababu mimi wa kibarua nisipofunga pampu sipati kitu. Ile video ilikuwa ya sekunde 30. Madeni yake nililipa miezi mitatu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anahubiri "hakuna kupumzika" siku hizi damu inanichemka. Mwili wangu una watu wanaoutegemea. Nani alinipa ruhusa ya kuuchezea ndiyo nipate likes?

Na wahubiri wenyewe wanatumia majina makubwa vibaya. Wanapenda kumtaja Steve Redgrave, yule Mwingereza aliyeshinda dhahabu za makasia kwa Olimpiki 5 mfululizo, kutoka 1984 hadi 2000. Ati alikuwa na kisukari na akashinda Sydney, wewe unalia na mafua. Ni kweli, aligunduliwa na kisukari 1997. Lakini hakukipuuza. Alikuwa na madaktari, akapima damu yake, akapanga chakula na insulini, ndiyo akarudi kwa mashua. Hiyo ni kazi mamangu anafanya kila asubuhi kabla ya chai, na hakuna anayempa medali.

Halafu Kipchoge. Wote tunajua Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Lakini tukitengeneza zile posta za motisha tunasahau wakimbiaji 41 waliopokezana kumkinga upepo. Kipchoge alikuwa na watu 41. Wewe una nani? Sisi hatuna hata daktari wa timu, tuna mtu wa duka la dawa na imani.

Najua mtu ataniambia bila bidii hakuna ushindi. Nakubali. Nami pia nishawahi kudanganya kwamba naumwa kumbe nilisikia mvua nikajifunika shuka. Huo ni uvivu, niite mvivu. Lakini homa si mvua. Mzazi anayehitaji kupelekwa kliniki si kisingizio. Safari ya kazi inayolipa kodi ya nyumba si kukosa nidhamu. Nahodha asiyejua tofauti ya hivi vitu bado hajafaa kuongoza watu wanne ndani ya mashua.

Na hata ukitaka kuhesabu ushindi peke yake, hesabu inakataa. Kwa mashua ya wanne mnapiga pigo moja. Mmoja akichoka, kasia lake linachelewa, mashua inayumba, wote mnaburura. Ule ushujaa wangu uliwachelewesha watatu wengine, na mwisho nilikosa hata hayo mashindano.

Sasa kwa mbogi yetu tumebadilisha. Ukiwa na homa huingii majini, na hakuna anayekuuliza mara ya pili. Kila kiti kina mtu wa akiba anayefanya mazoezi kama wengine. Kila mtu anatuma siku zake za safari na za kliniki mwanzo wa mwezi, tunapanga na meza ya maji kujaa na kupwa. Ukitoka kuugua, unarudi polepole, na mwenye dengue harudi kabla daktari hajakubali. Ile sheria ya "hakuna visingizio" nimeomba itolewe. Imetolewa.

Yule dada nilimpeleka kupimwa mwenyewe. Ni malaria, ameanza dawa, yuko kwao analala. Jumapili tulitoka na mtu wa akiba kwa kiti chake, tukamaliza wa mwisho, mbali kabisa. Video ya hiyo nimeiposti leo.

Itazameni kama mlivyotazama ile nyingine.