Daftari la Wiki: Jirani wa Kilindini

Jumatatu, mwalo wa Deep Sea, Tanga mjini. Mashua zilikuwa zimeshapakua: changu, tasi, vibua, pweza wawili watatu kwenye beseni. Chini ya mkungu, mzee mmoja alikuwa akishona jarife. Nikamwamkia, shikamoo mzee, halafu nikamwuliza kama amewahi kumwona samaki aitwaye silikanti kwa macho yake.

"Nimemtoa mwenyewe," akasema. Jarife lilikuwa zito, wakadhani papa. Alipotokeza juu ya maji wakamwona wa samawati iliyokoza, madoa meupe mwili mzima, jicho liking'aa kama la paka aliyemulikwa taa, na mapezi manene yenye nyama, mfano wa vikono. Mafuta yake yaliwaganda mikononi hadi jioni. "Mwanangu, hatukujua tumwite nani."

Hata wataalamu zamani walimjua kwa alama zake kwenye mawe tu. Waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Desemba 1938, East London, Afrika Kusini, binti wa makumbusho aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer akamkuta kwenye fungu la samaki wa meli ya uvuvi, na jina la kitaalamu la samaki huyu, Latimeria, limetokana na lake. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Wenyeji wa huko walikuwa wakimjua siku nyingi, wakimwita gombessa, na magamba yake makavu wakiyatumia kukwaruzia tyubu ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Kwetu alinaswa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003. Kuanzia 2004 Tanga ikatoa makumi, hasa upande wa Kigombe na Mwarongo.

Kwa nini ghafla hivyo? Mimi naona jibu liko kwenye jarife la yule mzee. Samaki wa miambani walipopungua, na uvuvi wa baruti ukiwa na mkono wake katika hilo, nyavu zikashushwa chini zaidi, kwenye magenge ya mita 100 na kuendelea. Huko ndiko silikanti hujificha mapangoni mchana na kutoka usiku kuwinda. Huogelea polepole: pezi la mbele la kushoto huenda pamoja na la nyuma la kulia, vile vile mkono na mguu wa mtu vinavyopishana akitembea.

Jumatano nilikunywa supu ya pweza barabara ya sokoni. Kiumbe huyu tunayemkatakata kila jioni ana mioyo mitatu na damu ya bluu, na jike akishaatamia mayai yake mpaka yakaanguliwa, hufa. Nilimaliza kikombe kwa heshima.

Ijumaa nilipanda milimani, Amani. Msituni, kwenye majani makavu, akapita sange: uso wa rangi ya kutu, mgongo mweusi kwa nyuma, pua ndefu inayopekua huku na huku kutafuta wadudu. Ukimtazama utasema panya. Lakini kwa ukoo yuko upande wa tembo, na nguva wa baharini naye yuko huko huko. Nilisimama pale mpaka akapotelea kwenye kichaka, nikifikiri jinsi mkoa mmoja ulivyojaliwa sange milimani na silikanti kilindini.

Narudi kwa silikanti, maana ndiye aliyeninyima usingizi wiki hii. Utafiti wa magamba yake uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike huanza kuzaa akikaribia miaka 60, na kwamba mimba hukaa miaka 5 hivi. Hatagi, huzaa watoto hai. Basi yule aliyetolewa majini na mzee wangu huenda alimzidi umri. Na jike mmoja akifa, pengo lake halizibiki upesi.

Serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009, kilomita za mraba 552 kutoka kaskazini ya mdomo wa mto Pangani hadi kupita Tanga mjini. Mipaka ya kwenye ramani haimzuii samaki kuingia wavuni. Ndugu zangu wa Kigombe, Mwarongo na Tongoni, nawaomba: majarife yategwe mbali na magenge ya kilindini. Nanyi wenye mamlaka, msimwombe mvuvi aache jarife bila kumsaidia kupata chombo na zana za kumfikisha kwa samaki wengine.