Minova: kabla ya kutundika kamera, ijulikane picha zitalala wapi

Mfanya biashara wa Minova, katika mtaa wa Kalehe, jimboni Kivu Kusini, anapovuka ziwa kwenda Goma kutafuta bidhaa, siku hizi anaweza kurudi na kitu ambacho baba yake hakukijua: kamera ndogo nyeupe ndani ya karatoni, yenye antena mbili. Muuzaji amemwambia kwamba ataona duka lake ndani ya simu, hata akiwa Bukavu. Kesho yake kijana mmoja wa kartie anapanda ngazi, anakaza misumari, na kamera inaanza kutazama barabara. Mwenye duka anafurahi, majirani wanakuja kuangalia. Hakuna anayeuliza picha zinaenda wapi.

Swali hilo lingepaswa kuulizwa kabla ya bei. Wizi wa usiku ni tatizo la kweli, na mtu aliyejenga depo kwa jasho lake ana haki ya kuilinda. Lakini Minova si pahali ambapo picha ya uso wa mtu ni kitu kidogo. Kamera iliyotundikwa ovyo inaweza kumlinda mwenye duka leo, na kumtia jirani yake hatarini kesho.

Wakaaji wa Minova hawahitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2012, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, wanajeshi wa serkali waliokimbia walifika hapo, na katika siku chache wanawake na wasichana zaidi ya mia moja walibakwa, kulingana na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Kesi ilifanyika mbele ya korti ya kijeshi, na hukumu ikatolewa Goma kunako tarehe 5 mwezi wa tano mwaka wa 2014. Kati ya washtakiwa 39, wawili tu ndio waliohukumiwa kwa ubakaji. Katika kesi hiyo, akina mama waliosimama kutoa ushuhuda walifunikwa kichwa na uso kwa kitambaa. Walijua kwamba kutambuliwa kungeweza kuwafuata hadi nyumbani.

Kisha, kunako tarehe 21 mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, M23 iliingia Minova. Kabla ya hapo mji ulikuwa umepokea wakimbizi wengi waliotoka Masisi na Sake. Hapa mamlaka inaweza kubadilika kwa siku moja, na picha iliyochukuliwa chini ya kiongozi mmoja inaweza kuangaliwa na mwingine. Kamera inayotazama mlango wa kituo cha afya inajua nani aliingia, siku gani, saa ngapi. Kile ambacho kitambaa kilificha mbele ya korti, kamera moja ya bei rahisi inaweza kukifunua.

Hiyo si sababu ya kukataa kamera. Ni sababu ya kuichagua na kuiweka kwa akili.

Jambo la kwanza ni kujua aina. Kuna kamera ya kompyuta, ile inayounganishwa kwa waya wa USB. Hiyo inafaa kwa mkutano, kwa masomo, kwa kuongea na mtoto aliye Kampala ao Brussels. Haiwezi kuwa mlinzi. Kompyuta ikizimika, nayo imelala, na waya wake wa kawaida haupiti metre 5. Kamera ya mtandao ni kitu kingine. Ina akili yake yenyewe, ina anwani yake kwenye mtandao, na inarekodi bila kompyuta kuwaka. Mtu anayetaka kulinda depo anahitaji hii ya pili.

Jambo la pili ni umeme. Kamera moja ya mtandao inakula wati 5 hivi, maana yake wati-saa 120 kwa siku nzima. Batri ya volti 12 na ampea-saa 20 inabeba wati-saa 240, lakini batri ya asidi haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu kama mwenyewe anataka idumu. Kwa hiyo batri hiyo inatosha kamera moja kwa siku moja bila jua. Sahani ya sola ya wati 50 inaweza kuirudishia nguvu siku ya jua nzuri; siku za mvua hesabu inabadilika. Kikiongezwa kile kisanduku cha Wi-Fi, ambacho nacho kinakula usiku na mchana, hesabu inakaribia mara mbili. Mafundi wengi hawasemi hayo. Wanaunganisha kamera kwenye batri ya taa za nyumba, na saa nane ya usiku, wakati mwizi anapopita, kamera na taa vyote vimekufa pamoja. Ni vizuri pia kuchagua kamera inayokubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye batri, kwa sababu kupitisha umeme kwenye inveta kunapoteza sehemu yake njiani.

Jambo la tatu ndilo swali la mwanzo: picha zinalala wapi? Kamera yenye picha safi inaweza kutoa gigabaiti 21 hivi kwa siku. Hakuna mfanya biashara wa Minova anayeweza kulipa mega za kutuma mzigo huo kila siku nje ya nchi, na hata angeweza, mtandao wa simu ukikatika picha zinakatika pia. Ni bora kurekodi papo hapo. Kadi ya memori ya gigabaiti 128 inashika siku kama 6 za mfululizo, na zaidi sana kama kamera imewekwa kurekodi tu pale kitu kinapotembea. Lakini kadi inakaa ndani ya kamera: mwizi akibeba kamera, amebeba ushahidi. Kwa hiyo mwenye uwezo anunue kisanduku cha kurekodia, akifiche ndani ya chumba chenye kufuli, mbali na kaunta. Waya wa mtandao unaweza kufika metre 100, na kuna aina inayobeba umeme na picha ndani ya waya mmoja. Hiyo inashinda Wi-Fi kwa mbali, hasa katika nyumba za ukuta mnene.

Goma yenyewe ilijifunza somo hili kwa njia ya uchungu. Kituo cha kuchunguza volkeno kina vyombo vyake kando ya Nyiragongo, lakini fedha za mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia zilipoisha mwaka wa 2020, kituo kilikaa miezi bila intaneti ya kuleta habari kutoka kwenye vyombo vya mbali. Intaneti ilirudi mwezi wa nne mwaka wa 2021, na kunako tarehe 22 mwezi wa tano mlima ukalipuka. Wataalamu wamejadili kama ingewezekana kutabiri mlipuko huo. Lakini jambo moja halina mjadala: chombo kinachoona bila njia ya kusema ni sawa na chombo kisichokuwepo. Anayenunua kamera ahesabu pia bei ya kuiendesha kila mwezi, la sivyo atakuwa amenunua pambo la ukuta.

Jambo la nne linasahauliwa kuliko yote, nalo ni ufunguo. Kamera hizi zinafunguliwa kwa akaunti ndani ya simu. Mara nyingi fundi anatengeneza akaunti hiyo kwa namba yake mwenyewe, kisha anampa mwenye duka ruhusa ya kutazama. Mwenye duka anaona picha, anaridhika, analipa. Hajui kwamba mwenye akaunti ndiye mwenye kamera. Fundi akihama, akigombana naye, ao simu yake ikinyang'anywa barabarani, mlango wa duka uko mikononi mwa mtu mwingine. Akaunti itengenezwe kwenye simu ya mwenye mali, mbele ya macho yake, na neno la siri aliandike mwenyewe.

Neno hilo lisiwe lile lililotoka kiwandani. Mwaka wa 2016, programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikitafuta kamera na vifaa vingine ambavyo wenyewe hawakuwa wamebadilisha neno la siri. Ilivikusanya kwa maelfu mengi na kuvitumia kushambulia mitandao mikubwa, hata Marekani kukawa na siku ambapo kurasa mashuhuri hazikufunguka. Wenye kamera hawakujua kitu. Vifaa vyao viliendelea kuwaka kama kawaida.

Jambo la tano ni pahali pa kuitundika. Urefu wa metre 3 unatosha: mtu haifikii kwa mkono, na uso bado unaonekana. Isielekezwe kwenye mwangaza mkali. Minova jua la asubuhi linatoka upande wa ziwa, na kamera inayotazama ziwa saa moja ya asubuhi itaonyesha kivuli cheusi badala ya mtu. Isiwekwe nyuma ya kioo, maana usiku taa yake inajirudia na picha inakuwa nyeupe tupu. Buibui wanapenda joto lake, kwa hiyo ipanguswe mara kwa mara. Saa yake irekebishwe pia, maana nyingi zinakuja na saa za China, masaa sita mbele ya Kivu. Picha ya mwizi yenye saa ya uongo inampa wakili wake kazi rahisi.

Na itazame mali ya mwenyewe tu: mlango wake, kaunta yake, depo yake. Isitazame uwanja wa jirani, wala mahali watu wanapooga, wala foleni ya kituo cha afya, wala njia ambapo kila mpita njia anaandikwa bila kujua. Kamera nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa rangi nyeusi. Fundi anayejua kazi yake anaweza kufanya hivyo kwa dakika mbili. Kibao kidogo cha "hapa kuna kamera" nacho ni heshima kwa mteja, na mara nyingi kinamfukuza mwizi kuliko kamera yenyewe. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha ya kila mtu, na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka wa 2023 inalinda habari za watu binafsi. Karatasi hizo haziwezi peke yake kumzuia mwenye bunduki anayetaka kuona picha. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza ni kutoichukua picha isiyohitajika, na wa pili ni kuacha ile ya zamani ifutike baada ya siku chache.

Kuna wanaosema kwamba kamera za maduka ni jambo dogo, kwamba Minova inahitaji kamera bandarini. Wana sababu. Kunako tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka wa 2024, wakati barabara ya Goma ilikuwa imefungwa na vita, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja ndugu zao. Gavana wa Kivu Kusini alitaja watu 278 ndani yake na 78 waliokufa. Hesabu zilizofuata zilikuwa tofauti. Familia zilibaki zikiulizana nani alipanda na nani hakupanda. Kamera moja kwenye ngazi ya boti, yenye saa sahihi, ingesaidia kujibu swali hilo.

Lakini isingeizuia boti kuondoka. Kujaa kwa boti kunaonekana kwa macho ya kawaida. Anayekosekana ni mtu mwenye mamlaka na ujasiri wa kusema: hapa basi, wengine wangoje. Kamera ya bandari bila mtu huyo itabaki kuwa shahidi wa maafa, si kinga. Kama siku moja itawekwa, na iwekwe kwa kazi inayojulikana, yaani kuhesabu abiria, na ijulikane mbele ya shirika la raia nani anashika picha na kwa siku ngapi. Vinginevyo itageuka haraka kuwa chombo cha kujua nani anakimbia na nani anarudi.

Mlinzi wa usiku wa zamani, mwenye koti lake na tochi yake, alikuwa na kasoro zake. Wakati mwingine alilala. Lakini alikuwa mtoto wa hapo. Aliona mengi, akajua lipi aseme kwa mwenye duka na lipi alinyamazie, kwa sababu mama aliyepita gizani alikuwa mama wa mtu anayemjua. Kamera haina ujuzi huo. Inaona kila kitu na inampa yeyote mwenye ufunguo. Kwa hiyo anayeitundika Minova ajue kwamba kazi ya kunyamaza, ambayo mlinzi aliifanya bila kufundishwa, sasa ni yake.