MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mwana wa Ndovu na Maziwa ya Mbuzi

Wazee husema, "Ndovu hashindwi na mkonga wake," maana yake mzazi hachoki kumchukua mwanawe, ajapokuwa mzito. Lakini katika nchi ya Wasamburu, kaskazini ya Kenya, iko saa ambayo ndovu hushindwa. Mwezi huu twataka kuwaeleza habari ya saa hiyo, na jinsi wenyeji wa huko walivyoitengeneza.

Nchi yao ni kavu. Wakati wa kiangazi mito hukauka ikabaki mchanga mtupu, na wachungaji huchimba visima katika mchanga ule mpaka wayafikie maji. Visima vingine huenda chini sana, hata watu husimama mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana maji na kuimba, na ng'ombe huzijua nyimbo za bwana wao. Usiku, watu wakiisha kwenda zao, ndovu nao huja papo hapo kutafuta maji. Mtoto huinama, ukingo humomonyoka, naye huanguka ndani. Mama humvuta kwa mkonga, asiweze. Kukicha, watu wakija na mifugo, kundi huogopa likaondoka, na mtoto hubaki akilia. Wengine huwa yatima kwa ajili ya ukame, na wengine kwa bunduki ya jangili aliyemwua mama apate pembe.

Zamani mtoto wa namna hiyo, kama aliokolewa, alipelekwa mbali mpaka Nairobi, asirudi tena kwa ndugu zake. Ndipo mwaka 2016 watu wa Namunyak wakafungua mahali pao wenyewe pa kulelea, panapoitwa Reteti. Mahali hapo ni pa wenyeji, na walezi ni Wasamburu wenyewe, wanaume kwa wanawake.

Kazi yao ya kwanza si kumchukua mtoto, bali kumrudisha kwa mamaye. Humtoa kisimani, wakatafuta kundi lake lilikokwenda. Wasipoliona, ndipo humpeleka Reteti. Huko huoshwa vidonda, hutiwa dawa, hufunikwa blanketi usiku, na kunyweshwa kwa chupa kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Mlezi hulala karibu naye, kwa maana ndovu ni mnyama wa jamaa, na upweke humdhoofisha kama njaa.

Lakini jambo gumu kuliko yote ni maziwa. Mtoto wa ndovu huzaliwa baada ya mimba ya miezi 22, na uzito wake hupata kilo 100. Hata hivyo tumbo lake ni dhaifu. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe humharisha mpaka akafa. Bibi Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alijaribu miaka mingi huko Kenya, akazika watoto wengi wa ndovu, kabla ya kugundua kwamba mafuta ya nazi yaweza kushika mahali pa mafuta ya maziwa ya mama. Hata Reteti walianza kwa maziwa ya unga yaliyotoka ng'ambo. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga njia, unga ukawa haba. Walezi wakatazama pande zote, wakaona mbuzi wa jirani zao. Wakajaribu maziwa yale, na watoto wakastawi. Basi tangu hapo akina mama wa vijijini wamekuwa wakikama mbuzi wao, wakauza maziwa Reteti na kulipwa fedha taslimu.

Huenda msomaji mmoja atauliza: "Je, ni haki kumnywesha ndovu maziwa hali watoto wa watu wana njaa?" Swali hili si la kudharauliwa, nasi hatutaki kulipita upesi. Twajibu hivi: mama mwenye busara hupima kwanza sehemu ya wanawe, kisha huuza kilichosalia, na fedha ile hununua unga wa ugali na kulipa ada ya shule. Mbuzi wakikauka kwa ukame, mtoto wa nyumbani ndiye wa kwanza, wala hakuna wa kumlaumu mama kwa hilo. Tena hatusahau kwamba ndovu huvunja maboma, na mara nyingine huua watu. Aliyefiwa kwa sababu hiyo asichekwe akiona uchungu. Lakini ni jambo kubwa kwamba mnyama aliyekuwa hasara tu kwa jirani yake sasa humletea mama fedha mkononi.

Nao hawafugwi milele. Wakikua, hurudishwa porini pole pole. Baadhi yao wamekwisha kupelekwa katika hifadhi ya Sera, waishi tena kama ndovu.

Basi walimu na wazazi, twawaomba mwafundishe watoto mambo manne. Kwanza, mtoto wa mnyama aliye peke yake si lazima awe yatima. Pengine mama yu karibu anangoja mwondoke. Pili, msimpe maziwa wala chakula kwa huruma tu, maana huruma isiyo na maarifa huua. Tatu, pelekeni habari upesi kwa askari wa wanyamapori. Sheria yakataza mtu kumfuga mnyama wa porini bila ruhusa. Nne, kisima chenu kizungushieni ukuta au miiba, na kikiachwa kifukieni.

Hilo la nne lafaa kufanywa hata pasipo ndovu. Kisima kilicho wazi hakiulizi aliyeanguka ni mwana wa nani.