Mpagazi Alilijua Bega Lake

Wapo watumishi wenzangu wanaofundisha kwamba Mkristo akikaa kimya na kuiangalia pumzi yake amefungua mlango kwa mapepo. Wanasema uzingativu ni dini ya Wabudha iliyovaa koti la daktari. Nusu nakubali. Jon Kabat-Zinn, aliyeanza kuwafundisha wagonjwa njia hiyo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, alijifunza kwa Wabudha. Lakini kuiweka akili mahali ulipo mwili si mali ya dini moja, na anayesema kwamba ni kuiacha akili tupu hajalielewa jambo analolilaani.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter Beskendorf, namna ya kuomba. Akatumia mfano wa kazi ya kinyozi mwenyewe: wembe ukiwa usoni na mawazo yakiwa kwingine, pua ya mteja iko hatarini. Sala, alifundisha, inadai umakini huohuo. Je, tumwite naye Mbudha?

Huku kwetu Tabora hatuna haja ya kwenda Wittenberg. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge anayekesha kwenye bani anaelewa. Moto ukizidi, jani linaharibika; ukipungua, linaharibika pia. Anatazama, anagusa, ananusa. Deni la pembejeo likimchukua mawazo, anagundua kwamba amechukuliwa, anarudi kwenye moto. Deni hajalifuta. Amerudi tu, na atarudi tena mara mia kabla ya kucha. Uzingativu ni huo. Mengine ni ada ya semina. Anaweza kuufanya mama anayechambua mchele, na mchungaji anayemsikiliza mjane huku simu ikitetema mfukoni.

Basi ugomvi wangu si na pumzi. Ni na wanaoiuza kama dawa ya mzigo. Mwalimu mwenye watoto mia darasani anaambiwa apumue. Kibarua asiyelipwa miezi mitatu, naye apumue! Hapo wapagazi wa Kinyamwezi wana neno la kutuambia. Walibeba pembe za ndovu na vitambaa kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, kilo kama 30 begani, kwa miguu, kwa miezi. Siwapambi: safari zile ziliua wengi, na njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Lakini mpagazi wa ujira alilijua bega lake. Mzigo ukizidi, alibishana na mkuu wa msafara, waligoma, wengine waliutua wakatoroka. Kulisikia bega hakukumfanya mnyonge. Kulimpa hoja.

Katika Wagalatia 6, mstari wa 2, Paulo anaagiza tuchukuliane mizigo. Mstari wa 5 anasema kila mmoja ataubeba wake. Wauza utulivu wameishika ya 5 wakaiacha ya 2. Sisi wa kanisani tunaihubiri ya 2 kwa vipaza sauti, lakini mzigo wa jirani hauonekani na mtu asiyetulia hata dakika moja kuutazama.

Ibada zetu zenyewe zina nafasi ya kimya wakati wa ungamo la dhambi. Mahali pengi mpiga kinanda ameijaza muziki, na tukimwomba anyamaze, sekunde ya kumi mzee mmoja anakohoa na kiongozi anarukia sala inayofuata. Nashauri tumwache mzee akohoe, kisha tuendelee kunyamaza.