Kivinjari cha Mwanafunzi Kiwe na Uwanja wa Kuandikia Programu

Watengenezaji wa vivinjari vya elimu, yaani zile programu ambazo shule huziweka kwenye kompyuta na vishikwambi ili mtoto afungue kurasa za masomo bila kupotelea intaneti, wana tabia moja ninayotaka kuipinga leo. Huipima kazi yao kwa wingi wa mambo waliyoyazuia. Tovuti zimefungwa, matangazo yamefungwa, upakuaji umefungwa, hata ile nafasi ya kuchungulia msimbo wa ukurasa imefungwa. Mzazi akisomewa orodha hiyo hufurahi, wala simlaumu. Ila namuuliza: yote hayo yakishafungwa, mtoto amebakiwa na nini cha kufanya? Asome, abofye, achague jibu A, B au C, asome tena. Nasema kazi hiyo imeishia njiani. Ndani ya kivinjari hicho na uwekwe uwanja ambamo mwanafunzi ataandika mistari michache ya programu, aiendeshe papo hapo, aione ikitii au ikigoma, kisha airekebishe.

Asije mtu akasema naleta uzushi. Tim Berners-Lee alipounda kivinjari cha kwanza mwaka 1990, pale kituo cha CERN karibu na Geneva, alikiunda kwa kusoma na kuandika pia. Mtu aliyefungua ukurasa aliweza kuuhariri katika dirisha lile lile. Mosaic kilipotoka Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993 na kuupeleka wavuti kwa umma, upande wa kuandika ulikuwa umeachwa, na umma ukazoea kutazama tu. Kilichosalia kilikuwa kitundu kimoja: mtu kuweza kuona msimbo chanzo wa ukurasa alioufungua. Kwa kitundu hicho wengi waliojenga tovuti za miaka ile walijifundisha ufundi wao, wakinakili msimbo wa wenzao, wakibadilisha neno hapa na rangi pale, wakitazama matokeo. Ndicho hicho tunachowazibia watoto wetu.

Na kwetu Afrika Mashariki hoja hii ina historia yake. Rwanda ilianza mwaka 2008 kupokea kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa Laptop Moja kwa Kila Mtoto, na hatimaye zaidi ya 200,000 zikagawiwa mashuleni. Watu wengi wanakumbuka rangi na bei. Mimi nakumbuka kitufe kimoja kwenye kibodi yake, ambacho kazi yake ilikuwa kumwonyesha mtoto msimbo wa kile alichokuwa akikitumia, kikiwamo kivinjari chenyewe. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwamo pia Pippy, sehemu ya kuandikia Python, pamoja na kasa wa kuchora aliyerithiwa kutoka Logo, lugha ambayo Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon waliibuni mwaka 1967 kwa ajili ya watoto. Waliopanga mashine ile walimchukulia mtoto wa darasa la nne kuwa mtu anayestahili kujua vitu vinavyofanya kazi ndani ya mashine yake. Siku hizi tunampa kishikwambi chenye nguvu mara nyingi zaidi ya mashine ile, kisha tunamzuia asitazame ndani.

Hasara ya kukua bila kuchungulia haiishii utotoni. Mwezi Oktoba 2021 mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch, huko Missouri, Marekani, aligundua kwamba tovuti ya idara ya elimu ya jimbo ilikuwa imeacha namba za siri za hifadhi ya jamii za walimu ndani ya msimbo wa kurasa zake, mahali ambapo yeyote mwenye kivinjari angeziona. Aliitaarifu idara kwanza, na gazeti likasubiri tovuti irekebishwe ndipo likachapisha. Gavana, badala ya kushukuru, alimwita mdukuzi na kutishia kumfikisha mahakamani. Mwendesha mashtaka alikataa kumshtaki Februari 2022. Gavana mzima hakujua kwamba msimbo wa ukurasa hutumwa kwa kila aufunguaye! Hatuna sababu ya kumcheka sana. Ni maofisa wangapi huku kwetu wangelijua hilo?

Sasa nije kwa wazazi, maana hofu yao ina msingi. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi katika jambo hili siwafuati wahenga. Programu ya mwanafunzi isiendeshwe ovyo ndani ya ukurasa unaobeba jina lake, alama zake na ruhusa za mwalimu. Iwekwe ndani ya fremu iliyozungushiwa ua, isiyoweza kusoma kumbukumbu za ukurasa ulioibeba wala kutuma kitu nje. Vivinjari vya leo vina uwezo huo tayari. Kazi ya mtengenezaji ni kuutumia bila kuuharibu. Na kuuharibu ni rahisi: akiiruhusu fremu iendeshe programu, na papo hapo akaiachia ihesabiwe kuwa ya anwani moja na ukurasa mkuu, programu iliyo ndani inaweza kuung'oa ua wenyewe. Wengi wamefanya hivyo kwa haraka ya kumaliza kazi.

Hatari ya pili hutokea kila siku, wala haina mdukuzi. Mwanafunzi anaagiza kompyuta irudie jambo na kusahau kuiambia ikome lini. Ukurasa unaganda, somo linapotea, mtoto anadhani ameharibu mashine ya shule na harudi tena. Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna njia moja ya jumla ya kutambua mapema kama kila programu itakoma au la. Kwa hiyo mtengenezaji asijisumbue kutabiri. Aiendeshe programu kando na ukurasa, aiwekee saa, ikipita sekunde chache ikatizwe, na kitufe cha Simamisha kiwe kikubwa na kionekane wakati wote. Mtoto aambiwe kwa upole kwamba programu yake ilikuwa inazunguka bila mwisho, na aonyeshwe mstari.

Huo ujumbe wa kosa ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote. Hakuna fundi cherehani anayemfundisha mwanagenzi kwa kumwonyesha nguo zilizokwisha kushonwa. Humpa vipande vya mabaki avishone, avifumue, avishone tena. Kufumua ndiko kujifunza kwenyewe. Lakini mwanafunzi wa Kigoma au Kwale atafumuaje ikiwa kila anapokosea anajibiwa kwa sentensi ya Kiingereza cha wahandisi, yenye maneno ambayo hata mwalimu wake wa Kiingereza hajawahi kuyafundisha? Aambiwe: "Mstari wa 3: umefungua mabano lakini hujayafunga." Aambiwe: "Hakuna kitu kinachoitwa jumal; je, ulikusudia jumla?" Ujumbe wa makosa ambayo wanaoanza hukutana nayo mara kwa mara unaweza kuandikwa na walimu wawili watatu kwa likizo moja, na sioni mradi wowote wa tafsiri utakaoleta faida ya haraka kuliko huo. Mifano ipo ya kuonyesha kwamba inawezekana. Scratch, iliyotoka maabara ya MIT mwaka 2007, inaweza kutumiwa kwa Kiswahili. Hedy, iliyoanzishwa mwaka 2020 na Felienne Hermans wa Uholanzi, inaruhusu hata amri zenyewe ziandikwe kwa lugha nyingine zisizo Kiingereza. Kama amri nazo ziwe za Kiswahili au la, watu wabishane. Mimi naona mtoto huzikariri amri kumi na tano za kigeni bila taabu, ila hawezi kukariri maelezo ya makosa ambayo hayaelewi.

Lugha ya kuanzia iwe ipi? Wengi watasema Python, na ni lugha nzuri. Lakini kuiendesha Python ndani ya kivinjari bila seva, kwa njia kama ya Pyodide, kunataka kwanza mashine ipakue megabaiti kadhaa, na bando la mzazi linajulikana lilivyo. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku kumi mwaka 1995, imo tayari ndani ya kila kivinjari, haipakuliwi. Ina vituko vyake, nakiri. Juu yake tuweke vitalu vya kuburuta kwa wadogo, na Python ije baadaye kwa shule zenye mtandao wa kueleweka, ikiwa imehifadhiwa kwenye mashine mara moja tu. Uwanja ukishafunguliwa siku ya kwanza ufanye kazi hata intaneti ikikatika.

Kazi ya mwanafunzi ihifadhiwe kwenye kifaa chenyewe, bila akaunti, bila namba ya simu, bila barua pepe. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na taarifa za watoto si za kukusanywa kiholela. Njia nyepesi ya kuziheshimu sheria hizo ni kutokusanya.

Wapo watakaoniambia: shule haina madawati, wewe unaleta programu. Madawati yaletwe. Sijasikia kamati ya shule iliyokosa madawati kwa sababu fedha zake zililiwa na kipande cha kivinjari ambacho kikishatengenezwa hunakiliwa bila gharama ya maana. Wengine wataniambia akili mnemba inaandika programu yenyewe, mtoto ajifunze ya nini. Hao nawarudisha Missouri. Iwe ni mtu au mashine iliyoandika, lazima awepo anayeweza kusoma kilichoandikwa na kusema hapa pameachwa wazi.

Pingamizi lenye uzito ni la tatu, na linatoka kwenye ule ule mradi nilioutaja wa Rwanda. Peru nayo iligawa kompyuta hizo kwa wingi, na tathmini ya Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika iliyotolewa mwaka 2012, iliyohusu shule 319 za vijijini, haikuona kwamba watoto waliozipata walipanda katika majaribio ya hisabati na lugha. Kwa hiyo anayedhani atabandika uwanja pembeni mwa kivinjari, auite kwa jina la kuvutia na kungoja miujiza, amekwisha kuonywa. Mimi sitaki uwe pembeni. Nataka uwe katikati ya somo. Ukurasa wa riba rahisi uwe na mistari minne inayokokotoa riba ya mkopo wa kikundi cha akina mama, mwanafunzi abadilishe kiwango na miezi aone deni linavyokua. Ukurasa wa pembetatu uwe na kasa anayechora kwa pembe alizopewa, na asipofunga umbo mtoto ajue pembe au pande zake zina dosari. Ukurasa wa mvua uwe na takwimu za mvua zichorwe grafu. Kenya ilikwisha kuidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Kilichobaki ni kuyaleta mazoezi mahali ambapo mtoto tayari anasoma hisabati na jiografia.

Walimu nao nawasihi jambo moja: kinachoandikwa uwanjani kisitiwe alama. Tunazijua shule zetu. Kitu kikiingia kwenye alama za muhula, siku ya pili majibu yanauzwa kwenye makundi ya simu, na ule uhuru wa kukosea unakufa kabla haujazaliwa. Mwalimu apite, atazame, aulize "umefanyaje hapo?", aende kwa mwingine.

Na asiyetaka kungoja watengenezaji asingoje. Kompyuta yoyote ya shule ina programu ya kuandikia maandishi ya kawaida na ina kivinjari. Andika mistari mitatu, ihifadhi kwa jina linaloishia na nukta na html, ifungue kwa kivinjari. Haitaki intaneti. Mpe mwanafunzi faili hilo Jumatatu asubuhi, mwambie abadilishe rangi ya kichwa cha habari na aweke jina lake, halafu ondoka mezani kwake kwa dakika kumi.