Mfanyabiashara wa mpakani ana soko, hana baraza

Mwanamke anayelala Gisenyi na kuuza nyanya Goma anafahamika kuliko madiwani wengi. Wateja wa Birere wanamwita mama fulani, kwa jina la kifunguamimba wake. Mbeba mizigo anamjua, mbadili fedha anamjua, na afisa wa dirishani anaitambua sura yake kabla hajatoa kibali mfukoni. Analipa ushuru mpakani, analipa kodi ya meza sokoni. Lakini meza zinapohamishwa, kodi inapopanda au choo cha soko kinapofungwa, hakuna kikao anachoitwa. Habari anaipata kwa jirani, tena baada ya uamuzi kupita. Na Mkongomani mwenye duka Gisenyi yuko katika hali hiyo hiyo, ila yeye anatazama upande wa pili.

Ni kweli kwamba mengi yamefunguliwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ikizungumzia haki ya kusafiri, kufanya kazi, kuanzisha biashara na kuishi katika nchi mwanachama. Congo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Kwa karatasi, basi, aliyesimama kwenye foleni ya Grande Barrière si mpita njia tena. Lakini haki zote hizo zinahusu mikono yake, miguu yake na mzigo wake. Mdomo wake haumo. Hata Bunge la Afrika Mashariki, lenye wabunge tisa wa kuchaguliwa kutoka kila nchi, linapata wabunge hao kupitia mabunge ya kitaifa, na kila mmoja lazima awe raia wa nchi inayomtuma. Aliyefanya biashara miaka ishirini upande wa pili hana wa kumsemea huko anakofanyia biashara.

Wapo watakaosema ndivyo dunia ilivyo: mgeni auze, wenyeji watawale. Kabla ya kuwakubalia, inafaa kuitazama safari ya mwanamke mmoja wa Congo, Cécile Kyenge, ambayo watu wa ukanda huu wanaijua nusu tu. Wanakumbuka kwamba alikuwa waziri Ulaya na kwamba alitukanwa. Nusu ya kwanza, ile ya mtaani na mkoani, ndiyo yenye faida kwa mfanyabiashara wa mpakani.

Kyenge alizaliwa mwaka 1964 Kambove, mji wa migodi ya shaba huko Katanga, sehemu ya Congo ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Aliingia Italia mwaka 1983 kusoma udaktari. Ili aweze kusoma, alifanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani, kazi ambayo hadi leo Italia imewaachia zaidi wanawake kutoka nje. Alihitimu Roma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, akabobea katika tiba ya macho huko Modena, na katika mkoa huo akajenga maisha yake. Uraia wa Italia aliupata mwaka 1994, baada ya kuolewa na Mwitalia.

Modena si mji wa watalii. Ni mkoa wa kazi: vigae vya Sassuolo, magari ya Ferrari kutoka Maranello, viwanda vya nyama, mashamba. Kazi kama hizo zinavuta wageni, na wageni wanakuja na maswali yao ya vibali, shule za watoto, nyumba na foleni za hospitali. Mwaka 2002 Kyenge alishiriki kuanzisha chama cha kuwakutanisha watu wa tamaduni mbalimbali na kushirikiana na Afrika, hasa Congo. Chama hicho kiliitwa Dawa, neno ambalo hakuna msomaji wa gazeti hili anayehitaji kufasiriwa.

Siasa alizianza chini kabisa. Mwaka 2004 alichaguliwa katika baraza la mtaa mjini Modena kwa tiketi ya chama cha mrengo wa kushoto. Baraza la mtaa halina bendera wala ving'ora. Mambo yake ni taa za barabarani, bustani, shule za chekechea na kelele za majirani. Juni 2009 akapanda hadi baraza la mkoa wa Modena kupitia Chama cha Demokrasia, akakaa katika kamati ya ustawi wa jamii. Wakati huo mikoa ya Italia ilisimamia barabara za mkoa, majengo ya shule za sekondari na ofisi za kuwatafutia watu kazi. Katika ofisi hizo za ajira ndimo mhamiaji alimoingia na bahasha ya vyeti, na sasa ndani ya baraza lililozisimamia alikuwamo mtu aliyewahi kuwa mhamiaji mwenye bahasha kama hiyo.

Miaka hiyo tisa ya mtaa na mkoa haikuandikwa sana magazetini. Kilichoandikwa ni kilichofuata. Februari 2013 alichaguliwa mbunge, na tarehe 28 Aprili mwaka huo akaapishwa kuwa Waziri wa Utangamano katika serikali ya Enrico Letta, mtu mweusi wa kwanza kuwa waziri Italia. Ndipo midomo ikafunguka. Roberto Calderoli, seneta na kiongozi mkubwa wa chama cha Lega Nord, alimfananisha na nyani mbele ya umati. Diwani mmoja wa chama hicho huko Padova, Dolores Valandro, aliandika mtandaoni akitaka abakwe; mahakama ilimpa kifungo cha miezi kumi na mitatu kilichosimamishwa na kumzuia kushika nafasi ya umma kwa muda. Julai 2013 alirushiwa ndizi akiwa anahutubia mkutano Cervia. Alijibu kwamba inasikitisha kuona chakula kinatupwa wakati watu wana njaa. Jibu la mtu aliyezoea soko.

Serikali ya Letta ilianguka Februari 2014, na Kyenge akaingia Bunge la Ulaya hadi mwaka 2019. Mageuzi ya uraia aliyoyapigania, ili mtoto aliyezaliwa Italia na wazazi wageni asisubiri hadi afikishe miaka 18, hayakupita. Italia haipaswi kupambwa. Kwa sheria yake ya mwaka 1992, mtu mzima kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anasubiri miaka kumi ya ukaazi ndipo aombe uraia, na kura ya maoni ya Juni 2025 ya kuipunguza iwe mitano ilikwama kwa sababu wapiga kura hawakufika nusu. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya hapigi kura hata ya diwani. Tena, tangu sheria ya Aprili 2014, mabaraza ya mikoa hayachaguliwi na wananchi moja kwa moja bali na mameya na madiwani. Mlango aliopitia Kyenge mwaka 2009 umefungwa kwa raia wa kawaida, mweupe kwa mweusi.

Hata hivyo hesabu yake inasomeka. Aliwasili mwaka 1983, akapata uraia 1994, akaingia baraza la mtaa 2004. Miaka ishirini na moja ilipita kabla ya kiti cha kwanza. Hakupewa kiti hicho kwa huruma. Kilikuwa kiti kidogo kiasi kwamba majirani waliomjua waliweza kumpigia kura bila kuhisi nchi yao imeuzwa.

Hapa Grande Barrière, kuhisi nchi imeuzwa si jambo la mzaha. Katika Kivu neno mhamiaji limeua watu. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya 1981 ikaupokonya, ikidai asili ya kabla ya mwaka 1885. Ile ya 2004 ikarudi hadi siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Kwa tarakimu hizo tatu familia moja iliweza kuwa raia, kisha wageni, kisha raia tena, bila kuhama shamba lake. Tangu M23 ilipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, kuzungumzia haki ya Mnyarwanda kukaa katika baraza lolote la Kivu ni kucheza na kiberiti karibu na petroli. Hofu ya Mkongomani haipaswi kudharauliwa. Upande wa Rwanda nao haujawahi kusikika ukimwuliza Mkongomani mwenye duka Gisenyi anaonaje bei ya leseni.

Kwa hiyo hoja isiwe kura. Kura ni ya mwisho, na pengine ni ya kizazi kingine. Kinachowezekana sasa ni kiti cha chini, cha kiasi kile cha baraza la mtaa la Modena: kamati ya soko. Kamati za masoko ya Goma na Rubavu ziwe na nafasi za wafanyabiashara wa upande wa pili, zikitolewa kwa kigezo cha leseni na meza, si cha pasi ya kusafiria. Kwa kuwa wengi wanaovuka na mizigo midogo ni wanawake, nafasi hizo zisiishie kwa mabwana wa malori. Kodi ya meza isipande kabla kikao hakijafanyika na tangazo halijabandikwa mpakani. Hakuna mkataba mpya unaohitajika. Uamuzi wa uongozi wa soko na wa mji unatosha.

Atakayesema jambo hili ni geni aulize wazee wa Gisenyi. Ni katika mji huu, tarehe 20 Septemba 1976, Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na makao yake yakawekwa hapa hapa. Vibali vya Jumuiya hiyo vimevusha watu wengi, hata katika miaka ambayo wakubwa hawakuwa wakisalimiana. Walijua kuhesabu waliovuka. Kuwauliza lolote, hilo hawakulifikia.

Na kikao cha kwanza kikiitishwa, isitolewe sababu ya lugha. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu mwaka 2017, na katiba ya Congo inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Mihutasari iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye geti, pande zote mbili, mahali ambapo mwenye kikapu kichwani anaweza kuisoma bila kutoka kwenye foleni.