Fungurume: Acheni kufunga miguu ya watoto

Mama akipita na mtoto wa mwaka mmoja mwenye matege katika mitaa ya Fungurume, mashauri yanatangulia salamu. Huyu anasema mtoto alisimamishwa mapema. Yule anasema ni kubebwa mgongoni. Wa tatu anamjua mzee wa kufunga miguu kwa vitambaa, na bibi wa kukanda magoti kwa maji ya moto mpaka mtoto apige kelele. Wa mwisho anasema kwa sauti ya chini: mama mwenyewe alikosea wakati wa mimba.

Yote hayo si kweli, na wazazi wayakatae.

Mtoto anakaa tumboni akiwa amejikunja, na anazaliwa na umbo hilo. Akianza kusimama, matege yanaonekana wazi zaidi, ndiyo maana watu wanadhani kusimama kumeyaleta. Kati ya miezi 18 na 24, kwa watoto wengi, miguu inanyooka yenyewe. Kwenye miaka 3 au 4 magoti yanaweza kuelekeana hadi kugusana, na jamaa wanashtuka tena. Kwenye miaka 7 au 8 inakaa sawa. Mzee wa vitambaa anapokea kuku na pesa kwa kazi ambayo mwili ungeifanya bure.

Kumbeba mtoto mgongoni, miguu imetanuka kiunoni mwa mama, hakupindi mfupa. Kunasaidia nyonga zikae vizuri. Kinachoweza kuharibu nyonga za mtoto mchanga ni kule kumfunga miguu ikiwa imenyooshwa.

Ubaya mkubwa uko hapa: kila mtoto akipelekwa kwa mkandaji, yule aliye mgonjwa kweli anapotea katikati ya wazima. Kuna ugonjwa wa mifupa laini, rashitizimu, unaotokana na kukosa vitamini D au kalisiamu. Vitamini D mwili unaitengeneza kwa jua. Mtoto anayefungiwa ndani kwa kukimbia vumbi la malori ya barabara ya Likasi–Kolwezi analikosa jua hilo. Lakini jua peke yake halitoshi. Huko Jos, Nigeria, waganga walikuta watoto wa jua kali wakiwa na ugonjwa huo kwa sababu chakula chao cha nafaka kilikuwa na kalisiamu kidogo mno. Utafiti uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kuwapa kalisiamu kuliwaponya vizuri kuliko vitamini D peke yake. Fungurume nayo inakula bukari asubuhi na magaribi. Pesa ya mkandaji inunue ndagala, zitwangwe pamoja na mifupa yake, zitiwe katika uji.

Dalili za kumpeleka mtoto hospitali ni hizi: matege yanazidi baada ya miaka 2, mguu mmoja tu umepinda, vifundo vya mikono vimevimba, mtoto anachechemea, analia akiguswa miguu, au harefuki kama wenzake.

Siku ya kilo, mama asiridhike na uzito peke yake. Amuombe muuguzi aangalie na miguu. Na baba aende naye, maana mara nyingi ni upande wake unaotafuta mwenye kosa.